Miaka miwili sikujaza ritani kwa kuwa "sidaiwi", kumbe mimi ndiye mdai (Marekani, EITC)

#1 BintiPangani

Habari zenu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Uzi huu ni wa walioko Marekani wanaolipwa mishahara midogo. Mlioko nyumbani someni kwa faida ya ndugu zenu.

Nilikuja Dallas 2021 kwa bahati nasibu ya green card, mimi na wanangu wawili, baada ya talaka yangu ya mahakama. Nikapata kazi ya kusafisha vyumba hotelini, saa zenyewe za kuungaunga. W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka) ya 2023 ilisoma dola 18,900. Ya 2024 ikasoma 21,300. Nilimuuliza mwenzangu wa kazini kama nijaze ritani ya kodi, akaniambia kwa kipato hicho hulazimiki. Na hakunidanganya! Mzazi asiye na mume anayelea watoto hakulazimika kujaza kama hajafika 20,800 kwa 2023, na 21,900 kwa 2024. Nikatia W-2 kwenye bahasha ya kaki, bahasha nikaiweka juu ya kabati, nikalala usingizi wangu.

Mwaka jana nikahamia ghala moja, kazi ya saa zote, nikafika 31,000. Hapo nikaogopa, nikaenda maktaba ambako kuna watu wanajaza ritani bure. Mama mmoja wa makamo akamaliza ya 2025, kisha akavua miwani akaniuliza: "Na miaka ya nyuma?" Nikamwambia sikujaza, sikuwa nadaiwa. Akaniambia rudi kesho na hiyo bahasha.

Hesabu ilivyokuja: 2023 dola 6,604. 2024 dola 6,960. 2025 kama 5,540. Hiyo ni EITC peke yake (Earned Income Tax Credit, nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo), nafuu ya watoto haijahesabiwa humo. Na msidhani ni kurudishiwa kodi niliyokatwa, mimi nilikatwa vijisenti tu. Hii ni nafuu ya kodi inayolipwa hata kama kodi yako ni sifuri. Masharti ya kwanza ni kwamba umefanya kazi, na hujavuka kiwango. Ila usipojaza ritani, hakuna atakayekuletea mlangoni.

Nimeandika kwa uchungu kidogo kwa sababu 2024 hiyohiyo nilikopa kodi ya nyumba kwa watu, na mmoja wao hadi leo hatusalimiani vizuri.

#2 Chumvi_ya_Mawe

Dada hongera, lakini ngoja. Si hii misaada wanayosema ukichukua, siku ya uraia wanakufungulia faili? Mimi mke wangu nilimkataza hata kadi ya chakula.

#3 KalamuNyekundu

Salaam. Nimejitolea kujaza ritani za watu misimu sita sasa hapa Louisville, nina cheti cha VITA (ile huduma ya kujaziwa ritani bure), kwa hiyo nitajibu ninayoyajua.

Mkuu Chumvi, kipimo cha "mzigo kwa serikali" ni cha mtu anayeomba viza au green card, siyo cha anayeomba uraia. Kanuni iliyoanza Desemba 2022 inatazama fedha taslimu za kujikimu kama SSI na TANF, na mtu kulazwa muda mrefu kwa gharama ya serikali. Nafuu ya kodi haimo. Wakimbizi sheria imewatoa kabisa kwenye kipimo hicho. Kinachoulizwa kwenye fomu ya uraia ni kama ulijaza ritani ulipopaswa na kama unadaiwa kodi. Maana yake kitakachokuponza ni uongo kwenye ritani au kutojaza. Kupokea haki yako hakuna ubaya.

Jambo jipya la kufuatilia: Novemba 2025 Wizara ya Fedha ilitangaza inaandaa kanuni ya kuihesabu sehemu inayorudishwa ya nafuu hizi kuwa msaada wa umma, kuanzia mwaka wa kodi 2026. Wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi wamo katika kundi ambalo sheria ya 1996 inalitambua kuwa na haki ya msaada wa umma. Wenye kibali cha kazi pekee ndio wakae macho. Ritani za 2025 tunazojaza sasa ni kwa utaratibu wa zamani.

EITC yenyewe si ya jana. Ilianza 1975, wakati wa Rais Ford. IRS (mamlaka ya kodi) wenyewe husema karibu mtu mmoja kati ya watano wenye haki nayo haidai. BintiPangani alikuwa wa tano huyo.

#4 PapaFuraha

Jambo sana kaka Kalamu. Sisi tulikimbia vita Fizi, tukakaa Nyarugusu miaka kumi na saba, sasa tumefika Kentucky unatutuma tena VITA? 😂

#5 KalamuNyekundu

Hahaha Papa, jina hilo nimelieleza kanisani mpaka nimechoka. Ni herufi za Kiingereza tu, risasi hamna. Kwa ujumla wanahudumia wenye kipato kidogo na cha kati, na hawachukui hata senti. Wapo maktaba, makanisani, vyuo, kuanzia mwisho wa Januari hadi 15 Aprili.

#6 Omosh_BrooklynPark

Niaje wadau. Mimi niko Minnesota, naendesha teksi ya programu, sina W-2, nina 1099 (karatasi ya malipo ya aliyejiajiri). Mwaka jana niliingiza 38,000 lakini gari lilikula karibu nusu. Bibi yangu na watoto watatu wako Kisii, bado tunangoja makaratasi. Kila mwezi natuma dola 600 bila kukosa. Hapo kwangu inahesabiwa vipi? Nimeona watoto watatu ni 8,046!

#7 KalamuNyekundu

Omosh ndugu yangu, nitakwambia bila kukuzungusha kwa sababu kuna mtu atakuchukulia dola 400 akudanganye.

Mtoto wa EITC lazima awe ameishi *nawe* ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Kutuma hela hakuhesabiki, hata ukituma mshahara mzima. Pia wewe, mke na mtoto kila mmoja awe na namba ya soshali (Social Security) inayoruhusu kazi. ITIN, namba ya kodi ya asiye na soshali, haitoshi kwa EITC ya shirikisho. Na aliyeoa akijaza ritani peke yake huwa hapati, isipokuwa anaishi na mtoto hapa na ametengana na mwenzake. Kwa 2025 wewe ni sifuri. Samahani.

Kuhusu gari: kinachohesabiwa ni faida baada ya gharama. Maili za kazi 2025 zinakatwa kwa senti 70 kila moja. Utasikia watu wakikushauri usikate gharama zote ili faida ionekane kubwa na EITC ipande. Usifanye. Aliyejiajiri anatakiwa kuandika gharama zake zote halali. Halafu faida ikifika dola 400 kuna ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ijaze, ndiyo inayokujengea pensheni ya soshali.

Familia ikifika, tusalimie. Mwaka wa kwanza wakitua baada ya Juni, watoto hawatakuwa wametimiza nusu mwaka. Mwaka unaofuata ndio wako.

#8 Omosh_BrooklynPark

Imeniuma lakini asante. Kuna jamaa alishaniambia nimpe vyeti vya kuzaliwa tu, "ataweka sawa".

#9 SautiYaUgoko

Omosh KIMBIA. Nisikilizeni mimi niliyeumia.

2019 nilikuwa peke yangu, sina mtoto, sina mke. Jamaa mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa ibada kabisa, akaniambia ana "watoto wa ziada". Kuna familia ina watoto saba, watatu tayari wanafikisha kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo wanne waliobaki wanagawiwa watu. Nikapewa wawili kwenye ritani ya mwaka uliotangulia. Hata majina yao sikuyajua kuyatamka. Tukagawana nusu kwa nusu. Ritani hakuitia sahihi yeye, iliandikwa kama nimeijaza mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa ikaja barua ya CP75: leta ushahidi kwamba watoto hawa wanaishi kwako. Barua ya shule yenye anwani yangu. Kadi ya kliniki. Taarifa ya mwenye nyumba. Ningetoa wapi? Jamaa simu haipatikani. Nikalipa yote, pamoja na ile nusu yake, na riba, na faini ya asilimia 20, na nikafungiwa EITC miaka miwili kwa uzembe wa makusudi. Ningeonekana nimefanya ulaghai ni miaka kumi. Nilipooa na kupata mtoto wangu wa haki, ilibidi nijaze fomu 8862 kuthibitisha kwamba safari hii sisemi uongo.

Aliyelipwa kukujazia ritani lazima aitie sahihi na aandike namba yake ya mjaza ritani, PTIN. Akisema "hiyo haina haja", inuka uondoke.

#10 Chumvi_ya_Mawe

Duh. Watoto wa kukodi, kama viti vya harusi.

#11 PapaFuraha

Hapo sasa ndipo swali langu. Kaka Kalamu, nyumbani kwangu tuko na watoto sita. Wanne nilizaa. Mmoja ni mtoto wa dada yangu, mama yake alifia njiani. Mmoja ni wa kaka yangu Bahati. Wote wanakula sahani moja, wote wananiita papa, wote wana soshali. Mwaka jana aliyenijazia aliandika wanne tu. Mimi nikasema hawa wawili niwafiche kwa nini, wao si watu?

#12 KalamuNyekundu

Papa, swali hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu wetu, na Wamarekani wengi hawalielewi kwa sababu Kiingereza chao kina ndugu wachache.

IRS wana orodha yao: mtoto uliyemzaa au kumuasili, mtoto wa kambo, mtoto aliyewekwa kwako rasmi na mahakama au wakala anayetambuliwa, kaka au dada yako, awe wa baba mmoja, mama mmoja, au wa kambo, na *kizazi cha hao wote*. Kwa hiyo mjukuu yumo. Mpwa yumo. Mdogo wako wa tumbo moja uliyekuja naye akiwa na miaka 15, naye yumo. Awe tu mdogo wako kwa umri, na hajafikisha miaka 19 mwaka unapoisha, au 24 kama anasoma chuo saa zote. Mwenye ulemavu wa kudumu umri haujalishi.

Mtoto wa dada yako anahesabika. Sasa niambie: Bahati ni kaka yako wa baba yule yule, au ni wa baba mdogo?

#13 PapaFuraha

Wa baba mdogo. Lakini kwetu baba mdogo ni baba. Bahati ni kaka, si binamu. Binamu ni kwa upande wa shangazi.

#14 KalamuNyekundu

Najua Papa, hata kwetu Bukoba ni hivyo hivyo. Lakini kwao Bahati ni binamu, na mtoto wa binamu hayumo kwenye orodha, hata umlee tangu anyonye, isipokuwa kama amewekwa kwako kisheria. Ukiandika "mpwa" na barua ikaja, utaombwa vyeti vya kuzaliwa vinavyounganisha wewe, kaka yako na mtoto, na majina ya babu hayatalingana.

Ila sikiliza sehemu ya pili. Kwa hesabu ya EITC, watatu na saba ni sawa, kiwango kinaishia watatu. Wanne uliowazaa wamekwisha kukufikisha juu. Huyo wa Bahati anaweza kuandikwa kama mtegemezi wa kawaida ikiwa aliishi kwako mwaka mzima, wewe ndiye unayemtunza na hana kipato chake cha maana, ipo nafuu ndogo ya dola 500 kwa mtegemezi wa namna hiyo. Na wa dada yako anaweza kukuletea nafuu ya watoto, ambayo ni dola 2,200 kwa 2025 kama hajafikisha miaka 17. Kwa hiyo kuna kitu uliachiwa nje mwaka jana. Ritani ya zamani inarekebishwa kwa 1040-X.

#15 PapaFuraha

Dola 500 kwa mtoto wa kaka. Sawa. Nitamwambia Bahati siku tukionana mbinguni kwamba Amerika walimfanya binamu.

#16 BintiPangani

Papa umenitoa machozi na kicheko kwa pamoja.

Kalamu nieleze kitu. Mwaka niliopata mshahara mkubwa ndio EITC imekuwa ndogo. 31,000 napewa 5,540, ila 21,300 nilipewa 6,960. Walinipunja?

#17 KalamuNyekundu

Hawakukupunja dada. Ifikirie kama barabara ya Lushoto: unapanda, unafika tambarare, unashuka. Kwa mwenye watoto wawili asiye na mume, 2025, kila dola unayoifanyia kazi inakuongezea senti 40 hadi ufike 17,880. Hapo umefika kileleni, 7,152. Unatembea tambarare hadi 23,350. Kuanzia hapo kila dola ya mshahara inapunguza kama senti 21 za EITC, mpaka 57,310 ambapo inakwisha. Wewe uko mteremkoni, lakini jumla ya mfukoni bado ni kubwa kuliko ya 2024, kwa hiyo usiache ghala urudi hotelini! Walioko kwenye ndoa wanaanza kushuka mbele kidogo, 30,470.

Mtoto mmoja kilele ni 4,328. Watatu na zaidi 8,046. Asiye na mtoto ni 649 tu, awe na miaka 25 hadi 64, na kipato chini ya 19,104. Ndogo, lakini ni mafuta ya gari ya mwezi na zaidi.

Na miaka ya nyuma: una miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya ritani. Ya 2023 mlango unafungwa 15 Aprili 2027. Ukifungwa, hela inabaki serikalini moja kwa moja.

#18 MamaPacha_Worcester

Naomba kuuliza, niko kimya tangu juu. Baba wa watoto wangu tuliachana, watoto wanaishi kwangu, kwake ni wikiendi. Mwaka huu nimejaza kwenye simu, ikarudi imekataliwa: watoto wameshatumika. Amewahi yeye! Anasema hakimu alisema tupokezane.

#19 KalamuNyekundu

Mama Pacha, pole. Aliyewahi hana haki zaidi, amewahi kutuma tu. EITC inamfuata mtoto anakolala. Mtoto akiwa analala kwako usiku mwingi zaidi, wewe ndiye mdai. Kuna fomu 8332 ambayo mama anaweza kumwachia baba nafuu ya watoto, na huenda hakimu alimaanisha hiyo, lakini EITC haiachiwi mtu kwa fomu wala kwa makubaliano.

Omba IP PIN kwenye tovuti ya IRS, ni namba sita za siri. Tangu msimu wa 2025, ukiwa nayo ritani yako inapokelewa kwa njia ya mtandao hata kama watoto wameshatumika kwingine. Ukishindwa, tuma kwa posta. Kisha IRS watawaandikia nyote wawili. Anza leo kukusanya barua ya shule na ya daktari, zenye anwani yako na tarehe za 2025.

#20 SautiYaUgoko

Nyongeza kwa wanaopiga simu kila siku: ritani yenye EITC hairuhusiwi kulipwa kabla ya katikati ya Februari, sheria ya 2015. Wengi huona hela mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Msichukue ule mkopo wa "hela yako leo leo" kwa wajaza ritani, makato yake yanauma. Na fungueni akaunti ya benki, hundi za karatasi serikali ilianza kuziondoa tangu Septemba 2025.

#21 BintiPangani

Mrejesho: ya 2025 imeingia asubuhi hii. Za nyuma wameniambia nivute subira, zinachukua muda. Nimeanza na yule ambaye hatusalimiani. Kapokea, kanuna, kisha kauliza hiyo maktaba iko mtaa gani.

Mkienda bebeni kadi halisi za soshali za watoto wote, siyo picha kwenye simu. Mimi nilirudishwa siku ya kwanza.

#22 PapaFuraha

La mwisho kaka Kalamu halafu nikatulie. Mkubwa wangu Furaha ana miaka 19, hasomi, anafanya kazi ya kuku kiwandani, bado anakaa kwangu. Yeye ameshatoka?

#23 KalamuNyekundu

Amezaliwa lini?

#24 PapaFuraha

Mama yake anasema msimu wa mahindi. Kambini waliandika tarehe 1 Januari 2007, kama sisi wote. Nyumba nzima tunakata keki siku moja.

#25 KalamuNyekundu

Basi tarehe 31 Desemba 2025 Furaha alikuwa na miaka 18. Kwa ritani hii bado ni mtoto. Wangeandika siku moja nyuma, 31 Desemba 2006, angekuwa ametoka.

#26 PapaFuraha

Yule karani wa kambini nilimlaani miaka kumi na saba. Ngoja niondoe laana.